Seli ya moyo inapokosa uzito: hotuba niliyoitoa Moshi

Wengi mmenipigia simu kuniambia kwamba mvua ya Jumamosi iliwazuia kushuka kutoka Uru, Kibosho na Old Moshi. Naiweka hotuba yote hapa kama nilivyoisema ukumbini. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo?

Wauguzi wenzangu, walimu wa sayansi, wazazi, na ninyi wanafunzi mliodandia Hiace alfajiri ili mfike mapema, ahsanteni sana. Kabla sijasema lolote, naomba kila mmoja aweke vidole viwili hapa, kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Msibonyeze sana. Mmeyapata mapigo? Tulieni nayo kidogo.

Hicho mnachokisikia kitadunda karibu mara laki moja kati ya sasa na kesho saa kama hii. Kinachofanya kazi hiyo ni seli za misuli ya moyo, bilioni mbili hadi tatu katika moyo wa mtu mzima. Ngozi hujibadilisha. Damu hujibadilisha. Seli za misuli ya moyo hazifanyi hivyo. Mwaka 2009 watafiti wa Sweden walipima umri wake kwa kufuata kaboni iliyotawanyika hewani wakati wa majaribio ya mabomu ya nyuklia, wakaona kwamba kwa mwaka mzima inayozaliwa upya ni seli moja tu katika kila mia, na kadiri mtu anavyozeeka hata hiyo moja haifiki. Babu yangu uliyeketi hapo mbele, zaidi ya nusu ya seli zinazodunda kifuani mwako leo ulizaliwa nazo. Zimekuwa nawe shambani, sokoni, msibani na harusini. Na muda wote huo zimekuwa zikifanya kazi chini ya mvutano wa dunia hii.

Ndiyo sababu nimewaita. Seli ya namna hiyo, ambayo haijawahi kuishi siku hata moja bila uzito, ukiiondolea uzito inakuwaje?

Tuanze na uzito wenyewe. Wanaanga tunaowaona kwenye televisheni wakielea, kule waliko hakuna mvutano? Nasikia wengi mnasema hakuna. Upo, ndugu zangu. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kinazunguka kilomita 400 hivi kutoka usawa wa ardhi, na pale mvutano wa dunia bado ni karibu asilimia 90 ya huu unaowakalisha kwenye hivyo viti. Kwa nini basi wanaelea? Kwa sababu wanaanguka. Parachichi likikatika mtini na sisimizi yuko juu yake, mpaka litakapogusa ardhi sisimizi yule na parachichi lake wanaanguka pamoja. Halimbebi, wala yeye halikandamizi. Kituo kile ni parachichi lisilofika chini. Kinakwenda mbele kwa mwendo wa kilomita 28,000 kwa saa, kwa hiyo kila kikianguka, dunia nayo inajipinda na kukikwepa. Wanaanga huanguka hivyo miezi sita, wengine mwaka.

Kuna kijana wa kubeba mizigo mlimani aliniuliza: je, ndiyo maana moyo hunienda mbio nikikaribia kilele? Swali zuri sana. Lakini sivyo. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895, na mtu wa kilo 70 akifika pale uzito unaompungukia hauzidi gramu mia moja na kitu. Kinachomhangaisha pale ni uhaba wa oksijeni. Huwezi kuukimbia mvutano kwa kupanda mlima, hata uwe Kilimanjaro.

Sasa nisimulie habari za watu wawili ambao sidhani kama waliwahi kupanga kufananishwa.

Wa kwanza ni Scott Kelly, mwanaanga wa Marekani. Alikaa angani siku 340, kuanzia Machi 2015 hadi Machi 2016. Wa pili ni Benoît Lecomte, muogeleaji mzaliwa wa Ufaransa. Mwaka 2018 aliingia majini Japani akitaka kuivuka Bahari ya Pasifiki. Hakumaliza, lakini aliogelea siku 159 na kukata kilomita 2,821, akiwa majini wastani wa karibu saa sita kila siku. Mmoja juu ya dunia, mwingine baharini. Mioyo yao ilipimwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Chemba ya kushoto ya moyo, ile inayosukuma damu mwili mzima, ilipungua kwa wote wawili, na kwa mwendo uleule: karibu robo tatu ya gramu kila wiki. Ya Kelly ilipungua zaidi ya robo ya uzito wake.

Kelly alilala tu? Hapana! Alifanya mazoezi siku sita kwa wiki, kwa mashine, kwa jasho. Lecomte je? Nani kati yetu amewahi kuogelea saa sita? Mazoezi yalikuwepo. Kilichokosekana ni ile kazi ndogo ambayo hatuihesabu kabisa: kuipandisha damu. Ukisimama, damu inataka kushuka miguuni, na moyo unalazimika kuishindania. Angani hakuna chini. Na muogeleaji, mwili wake umelala na maji yamembeba. Mzigo ule ukaondoka kwa wote wawili, na misuli ikapungua kulingana na kazi iliyobaki.

Niseme kwa haki: moyo wa Kelly haukuugua. Ulipungua lakini uliendelea kufanya kazi yake vizuri. Sipendi kuwatisha watu kwa mambo ya mioyo.

Lakini wanafunzi wa uuguzi wanaweza kunibishia hapa, na wana haki. Watasema: mama, huo ni moyo mzima, una mishipa ya fahamu, una homoni, damu yenyewe imehama kutoka miguuni kwenda kichwani. Utajuaje kwamba seli yenyewe imeguswa?

Swali hilo lilikaa miaka mingi, kwa sababu nani atakubali kukatwa kipande cha moyo kipelekwe angani? Njia ilifunguliwa na Shinya Yamanaka wa Japani. Mwaka 2006 kwa panya, na 2007 kwa binadamu, alionyesha kwamba seli ya kawaida, ya ngozi kwa mfano, inaweza kurudishwa utotoni ikawa seli shina, na kutoka hapo ikalelewa kuwa seli ya aina nyingine. Mwaka 2012 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na John Gurdon wa Uingereza. Leo mtu anatoa damu kidogo mkononi, maabara inazilea seli zile kwa wiki kadhaa, na siku moja, ndani ya kisahani, bila mwili, bila kifua, zinaanza kudunda. Mara ya kwanza kuona video ya jambo hili nililia. Sikujua kwamba seli haingoji kuamriwa.

Julai 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, katika maabara ya Joseph Wu, walirusha seli kama hizo, zilizotokana na watu watatu, hadi kwenye kile kituo. Kule juu zilihudumiwa na mwanaanga Kate Rubins, ambaye mwenyewe ni mtaalamu wa biolojia. Zilikaa wiki tano na nusu. Ndugu zake, kutoka kwa watu walewale, zilibaki duniani ili zilinganishwe. Zilipochunguzwa, jeni 2,635 zilionekana kufanya kazi kwa kiwango tofauti kati ya seli za angani, seli zilizokwisha kurudi na zile ambazo hazikusafiri. Nyingi zinahusika na mitokondria, yaani majiko ya seli, mahali nguvu inapopikwa. Hata namna ya kuishughulikia kalsiamu ilibadilika, na kalsiamu ndiyo tarishi anayeiambia seli ijikaze, kisha akiondoka seli inalegea.

Mnaliona jambo hili? Hapakuwa na damu iliyohama. Hapakuwa na mishipa ya fahamu. Hapakuwa na homoni. Seli peke yake, kisahanini, ilijua kwamba kuna kitu kimebadilika.

Jaribio la pili ndilo ninalolipenda zaidi, na naomba mnivumilie nilikalie kidogo. Machi 2020, dunia ikiwa inaanza kujifungia kwa korona, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, wakiongozwa na Deok-Ho Kim walirusha vipande 48 vya tishu ya moyo. Hawakuziacha seli zilale kwenye kisahani. Walizilea zikashikana zikawa kipande cha msuli, wakakitandika kati ya nguzo mbili ndogo, kama kamba ya kuanikia nguo. Nguzo moja ngumu, nyingine inapinda. Tishu ikijikaza, nguzo laini inainama, na sumaku iliyomo ndani yake inatoa taarifa imeinama kiasi gani. Kwa hiyo kila pigo lilipimwa kule juu, na taarifa zikafika chini. Mwanaanga Jessica Meir alizibadilishia chakula kila wiki.

Zilikaa siku 30. Na mkumbuke, tishu nyingine za asili ileile zilikuwa zinadunda duniani kwa wakati huohuo.

Nguvu ya pigo ilishuka ikawa kama nusu ya zile za duniani. Nusu! Kwa mwezi mmoja. Mapigo yakaanza kukosa mpangilio, na muda kati ya pigo na pigo ukarefuka hadi karibu mara tano. Wakatazama ndani. Hebu tuingilianishe vidole vya mikono miwili, hivi, wote. Visukume viingie, kisha vivute vitoke. Hivyo ndivyo seli ya moyo inavyojikaza: nyuzi za protini zinateleza kuingiana, katika vipande vidogo sana vinavyoitwa sakomea, vilivyopangwa kwa safu zilizonyooka kama migomba ya mkulima makini. Katika tishu za angani sakomea zilikuwa fupi na safu zimevurugika. Mitokondria zilikuwa zimevimba na kuwa za duara. Jeni zinazohusiana na uvimbe na uchakavu zilikuwa zimeamka. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2024.

Na ziliporudi? Mpangilio wa mapigo ulikaribia kurudi kama kawaida. Hata zile za Stanford, siku kumi baada ya kutua jeni nyingi zilikuwa zimerejea karibu na hali yake ya awali. Naomba mlishike hilo, kwa sababu nitalirudia nikifika kwa mama yangu.

Seli inajuaje? Hapa wanasayansi bado wanabishana, na ubishi wao ni wa maana, kwa sababu uzito wa seli moja ni mdogo mno. Tunajua kwamba seli ya moyo ina kiunzi cha nyuzi ndani yake, na kiunzi hicho kimefungwa kwenye nanga zinazoishikilia seli kwa jirani zake na kwa sakafu yake. Seli hupima dunia kwa jinsi nanga zinavyovutwa. Zikivutwa, taarifa inakwenda hadi kwenye kiini na jeni zinaitika: jenga. Zikilegea, zinaitika vingine. Pia angani kuna mionzi ambayo huku chini hewa na usumaku wa dunia vinatukinga nayo, na maji ndani ya kisahani hayajichanganyi kama huku. Mtu akikuambia kila badiliko lililoonekana ni la uzito peke yake, amekwenda haraka.

Na si kila kitu huharibika. Chunhui Xu na wenzake wa Chuo Kikuu cha Emory wameonyesha kwamba seli changa, zile ambazo ndiyo kwanza zinalelewa ziwe za moyo, zikiundwa kama vidonge vya duara na kuwekwa katika hali ya kuigiza ukosefu wa uzito, hutoa seli za moyo nyingi zaidi. Hiyo ni habari njema kwa wanaotafuta namna ya kuziba makovu ya moyo. Yaani hali ileile inayomdhoofisha mtu mzima inamfaa mtoto. Mimi naliona hilo la ajabu, na sijachoka kulifikiria.

Vijana, msidhani mambo haya ni ya matajiri peke yao. Ile hali ya kuigiza hupatikana kwa mashine inayogeuza kitu polepole bila kupumzika, hadi kishindwe kutambua chini ni wapi. Klabu yetu imetengeneza mashine ya namna hiyo ya kugeuzia mbegu, kwa mota ya kuzungushia sahani iliyotolewa kwenye maikrowevu iliyokufa, tukailaza ubavu. Tulifunga maharage yaliyoanza kuchipua. Yale ya mezani yalishusha mizizi chini kama kawaida. Yale ya kwenye mota, mzizi mmoja ulikwenda pembeni, mwingine ukajikunja. Yako pale kwenye meza ya nyuma, mkitoka, muyatazame.

Kuhusu uzito kuzidi, nitasema kidogo tu. Presha ya juu ni mzigo usiotua. Seli zinanenepa, ukuta wa moyo unakuwa mzito, na baada ya miaka moyo unachoka. Kwa hiyo ninaposema moyo unautaka mzigo wake, simaanishi mzigo wowote. Nendeni mkapime presha.

Sasa nishuke kutoka angani nije kitandani.

Watafiti wa anga wanapotaka kujaribu mambo bila kurusha mtu, hulaza watu. Kitanda huinamishwa nyuzi sita, kichwa chini, watu wanalala hivyo wiki nyingi, na miili yao inafuata njia ya mwili wa angani. Lakini jaribio lililonigusa ni la zamani zaidi. Mwaka 1966, Dallas, Marekani, vijana watano wenye afya, wenye miaka kama ishirini, walilazwa wiki tatu. Wiki tatu tu. Uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulianguka vibaya. Miaka 30 baadaye watu walewale watano walitafutwa wakapimwa tena. Wiki tatu za kitandani zilikuwa zimewapunguza kuliko ile miaka 30 ya kuzeeka.

Mwaka 1998 mama yangu aliteleza kihambani, yaani kwenye shamba letu la nyumbani, akikata mkungu wa ndizi, akavunjika paja. Nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni. Alilazwa wiki nane, mguu umevutwa kwa uzito uliofungwa mwishoni mwa kitanda, kwa sababu ndivyo mfupa ule ulivyotibiwa, na mfupa uliunga vizuri. Simlaumu aliyeutibu. Lakini katika wiki zile nane hakuna mtu aliyetuambia tumwinue kichwa, tumpe mikono yake kazi, tumketishe hata kwa kuegemea. Na sisi wanawe, kwa mapenzi yetu, tulizidisha. Akitaka kujivuta kwa mikono, tunamwambia, "Mama, pumzika." Akitaka kujilisha mtori, tunamlisha. Uzito ulining'inia mguuni, kumbe moyoni hakuna.

Siku aliyofunguliwa, tulimsimamisha. Alisimama muda wa kuvuta pumzi tatu. Macho yakapanda, akaanguka mikononi mwangu, na nilipomshika mkono mapigo yalikuwa yanakimbia kama ya ndege aliyekamatwa. Mwanamke ambaye Krismasi iliyopita alibeba mkungu kichwani kutoka shambani hadi barabarani! Najua leo kwamba mambo mengi yalichangia, damu iliyopungua, mishipa iliyosahau kujibana, misuli ya miguu iliyokwisha, na moyo uliozoea kulala. Siku ile nilijua tu kwamba tulimpumzisha mpaka akashindwa kusimama.

Mkiwa na mgonjwa wa kulazwa, msimwinue kwa sababu nimesema mimi. Muulizeni daktari wake: anaruhusiwa kuketi lini? Ulizeni siku ya kwanza. Ulizeni tena siku ya pili. Mkiambiwa bado, ulizeni mkono upi unaruhusiwa kufanya kazi.

Alikuja mzee mmoja wa mazoezi tiba, mpole, ndiye aliyenifanya niichague kazi hii. Alimketisha mama ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia, dakika tano. Kesho yake kumi. Kisha kusimama ameshika kitanda. Kisha hatua nne, kupumzika, hatua nne. Alipima mapigo kila mara na kuandika kwenye kijidaftari. Nyumbani tuliendelea kwa kuhesabu migomba: leo mpaka wa tatu, keshokutwa mpaka wa tano. Kuna siku alirudi nyuma, akalia, tukaanza tena kutoka wa pili.

Mwezi wa nne nilirudi kutoka chuoni jioni ya Ijumaa nikakuta kitanda kitupu. Nilishuka kihambani nikikimbia. Alikuwa anapanda kutoka kwenye mfongo, ule mfereji wa maji, fimbo mkono mmoja, ndoo ndogo mkono wa pili, maji nusu. Nikamwambia, "Mama, lete nikubebee." Alisimama, akahema, akaisogeza ndoo upande nisioweza kuifikia, akaendelea kupanda.